Klachi ya pauni 618 kwenye gari la pauni 1,100

Jana nimelipa pauni 618 kubadilisha klachi. Gari lenyewe nililinunua pauni 1,100. Picha ya risiti ilipoingia kwenye grupu la WhatsApp la familia, Mbeya kukachafuka. Kaka akauliza si bora ningeongezea hela nikachukua jingine. Shangazi wa Uyole hakuzunguka: "Mwanangu, huyo fundi kakuibia mchana kweupe." Ukizidisha kwa shilingi ni kweli inagonga milioni mbili, na kwa milioni mbili pale Mafiati fundi atakuwekea klachi, atakunyooshea bodi, na chenji utarudi nayo nyumbani. Naelewa. Ila hajaniibia, na kwa vile nimechoka kumrekodia sauti kila ndugu peke yake, naandika mara moja.

Naishi Sheffield. Mtu wa Mbeya akitaka mji wa Uingereza ambao magoti yake yatautambua, aje huku: ni kupanda na kushuka, kuna mahali ukipanda unaona boneti na mawingu tu. Mwaka 2014 mbio za baiskeli za Tour de France zilipitishwa Jenkin Road, na wale ni watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, lakini walitaabika. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, na zamu yangu ya asubuhi inaanza kabla basi la kwanza halijatoka. Kwa hiyo wanaosema "fulani ana gari Ulaya" wajue ni sawa na kusema fulani ana gambuti.

Ni Toyota Yaris ya 2007, ambayo nyumbani mnaijua kama Vitz, ila hii ni manyuo, ya kubadilisha gia kwa mkono na klachi. Huku manyuo bado zimejaa na za zamani ni bei ya kutupa. Nilipolichukua lilikuwa na maili 108,000, zaidi ya kilometa 170,000, na kwenye kitabu chake cha sevisi hakuna mahali palipoandikwa kwamba klachi imewahi kuguswa.

Klachi, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ilianza kuteleza mlimani. Gia ya tatu, nakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, gari halisogei zaidi ya pale. Pedali inashika juu kabisa, mguu ukiwa umekaribia kuachia. Halafu ile harufu ya kuungua, inayoingia hadi kwenye koti. Nikamrekodia mjomba, ambaye ametengeneza Hiace na Fuso tangu mimi sijazaliwa. Akanijibu usiku huohuo, kwa nyuma nasikia mtu anagonga chuma: "Mjomba, simama penye tambarare. Vuta handibreki mpaka mwisho. Tia gia ya tatu, achia klachi taratibu huku unatia mafuta kidogo. Ikizima, klachi nzima. Isipozima, tafuta hela." Haikuzima. Ilinguruma palepale iliposimama, gia imeingia, mguu wa kushoto nimeutoa kabisa. Nikamtumia na sauti hiyo. Akacheka tu.

Gereji ya kwanza sitaisema jina. Kijana wa mapokezi hakuinuka hata kulitazama gari, akaandika namba kwenye kompyuta, akasema pauni 850. Kisha akaitazama sare yangu ya kazi, akaongeza kwamba kwa gari kama hili nisijisumbue, niliuze chakavu, naweza kupata pauni 150. Gari linalowaka asubuhi ya barafu kwa kugeuza ufunguo mara moja! Lililopita ukaguzi wa mwaka, MOT, bila kuandikiwa kosa! Nilitoka pale nimevimba.

Kwetu gari halifi, linahamishwa kituo. Likichoka Mbeya mjini linakwenda Chunya. Likichoka Chunya linapelekwa kubeba viazi Umalila, halina taa, mlango umefungwa kwa kamba, na bado lina mwenyewe anayelipigania. Likishindwa huko ndipo linagawanywa vipande ili mengine yaishi. Huku gari linakufa siku bei ya tengenezo inapopita bei yake sokoni, hata kama injini ni nzima. Ni hesabu ya karatasi. Inaudhi, hasa ukiwa umetoka mahali ambapo baba yako alitunza gari moja miaka ishirini.

Gereji ya pili iko chini ya matao ya reli, ina jeki mbili za kunyanyulia magari na redio inayokoroma. Mwenyewe ni mzee mwenye asili ya Pakistani. Alinisikiliza, akaliendesha gari mwenyewe kuzunguka mtaa, akarudi akaniandikia kwenye karatasi: seti ya klachi pauni 130, mafuta ya giaboksi 20, kazi saa tano kwa 70, yaani 350. Juu yake VAT, ambayo huku ni asilimia 20.

Someni tena hiyo karatasi, maana ndiyo inayowapiga chenga wote kwenye grupu. Seti ni vitu vitatu: klachi pleti (sahani inayosuguana), presha pleti (inayoibana hiyo sahani) na rilizi beringi (inayosukuma ili iachie ukikanyaga pedali). Vyote pauni 130, laki nne na ushei. Hiyo haimshtui mtu yeyote wa Mwanjelwa. Seti mpya ya maana, ikiagizwa maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani kule Dar na kupandishwa kwa basi, haiko mbali na hapo. Chuma bei yake inafanana dunia nzima. Kilichobaki chote ni saa za mtu, na serikali imeweka kodi hata juu ya hizo saa.

Na kwa nini saa tano? Kwa sababu klachi imebanwa katikati ya injini na giaboksi, na kwenye gari dogo kama hili injini imekaa kwa upana, hakuna pa kupitisha mkono. Betri itoke. Shafti mbili za magurudumu ya mbele zichomolewe. Mafuta ya giaboksi yamwagwe. Injini itegemezwe isidondoke, halafu giaboksi ishushwe. Ndipo unaiona klachi yenyewe, imeshikwa na boliti chache, na kuibadilisha ni kazi ya muda mfupi. Unalipia njia ya kufika.

Kilichoniuma ni hiyo 70. Kima cha chini huku Aprili 2025 kilipandishwa hadi pauni 12.21 kwa saa, na mimi sipo juu sana ya hapo. Saa yake moja ni karibu saa zangu sita za kugeuza wazee kitandani, kuwaogesha, kuwalisha, kutukanwa na baadhi yao na kuombewa dua na wengine. Nilinuna siku nzima. Baadaye nikaona kwamba yeye mwenyewe hiyo 70 haimfikii mfukoni yote: kuna pango la yale matao, bima, vijana wawili, umeme. Na familia za wazee wangu nao wanalia na bili ya nyumba ya wazee hivyohivyo, wakidhani ni mimi ninayekula. Sijatulia moyo, lakini sikumchukia mzee wa watu.

Siku ya kazi alinipigia saa nne asubuhi. Giaboksi ilikuwa chini, na ameona sili ya nyuma ya krankishafti, ile pete inayozuia mafuta ya injini yasivuje, imeanza kutoa jasho la mafuta. Ikiachwa, mafuta yatadondokea klachi mpya na itaanza kuteleza tena. Sili ni pauni 15. "Saa sikuongezei," akasema, "kwa sababu nimeshafika." Angeweza kufunga akanyamaza, nirudi baada ya mwaka nilipe zile saa tano upya, nami nisingejua kamwe. Nilipokwenda kuchukua gari alifungua buti, spea za zamani zote zilikuwa ndani ya boksi la ile seti mpya. Pleti ilikuwa imelika mpaka vichwa vya riveti vimeng'aa, na uso wa presha pleti una mabaka ya bluu ya kuungua, nywele za nyufa zimetambaa kuzunguka. Nikaipiga picha nikamtumia mjomba. Akasema hiyo imefanya kazi yake yote, haidaiwi.

Mnaotaka kuja, chukueni haya wakati bado nina hasira. Leseni ya Tanzania huku inakubeba miezi 12 tangu uwe mkazi, baada ya hapo unaanza upya kama mwanafunzi: mtihani wa nadharia pauni 23, wa barabarani 62 siku za kazi, na masomo yanayolipwa kwa saa (umeshaona ugonjwa uko wapi). Ukifanyia mtihani kwenye otomatiki, leseni inakufunga kwenye otomatiki tu. Kwa hiyo jifunze manyuo hukohuko, kwenye mwinuko wa Kawetere ukiweza, usije kulipia masomo mengi ya klachi huku. Na ukienda kununua gari la zamani, fanya kile kipimo cha mjomba cha gia ya tatu mbele ya mwenye gari, kabla hujataja bei. Ukaguzi wa MOT unaangalia breki, taa, matairi na mengine, klachi haimo, kwa hiyo cheti kipya hakikwambii lolote juu yake. Na usiulize fundi "spea bei gani." Uliza ni saa ngapi.

Sasa la kaka. Wakati grupu linanisema, yeye akanifuata pembeni: pikapu la viazi limekwama Mbalizi, klachi. Tena! Hilux hiyo ilibadilishwa klachi kabla ya masika, na hela nilituma mimi. Nikapiga simu ya video. Fundi alikuwa chini ya gari juu ya magunia, giaboksi ameipakata kifuani, kijana anamshikia propela shafti kwa kamba, na kaka amesimama pembeni na soda. Nikamwambia fundi anionyeshe presha pleti. Ilikuwa na mabaka yaleyale ya bluu. Mara ya mwisho walibadilisha pleti peke yake, wakairudisha presha pleti iliyoungua na rilizi inayolia, kwa sababu "bado inasukuma."

Na hapo ndipo urahisi wa ufundi wetu unapotuponza. Kufungua ni elfu hamsini na maneno mazuri, kwa hiyo hakuna anayeogopa kufungua tena. Mwaka huu pleti, mwakani rilizi, mwaka wa tatu presha pleti, na kila mara gari linalala siku mbili huku viazi vinachipua kwenye magunia. Huku hakuna mwenda wazimu atakayeshusha giaboksi kwa pauni 350 halafu aweke kipande kimoja. Ongeza na lumbesa: gunia limeshonewa kofia, mengine yamepangwa juu yake, pikapu linapanda kutoka Ilembo huku dereva ameishikilia klachi nusu ili lisizime. Ipi itadumu?

Shangazi alishaandika kwenye grupu kwamba nina roho ya Kizungu, nahesabu hela za ndugu. Nimemlipia kaka pleti, presha pleti na rilizi, vyote vitatu, na hela nimempa mwenye duka moja kwa moja. Ufundi atatoa yeye.