Herufi za Upande wa Kaskazini: Kumbukumbu ya Mlingoti Nambari 14

Hatimaye nimezisoma. Herufi zilizosubiwa pamoja na sanduku la nyaya la mlingoti nambari 14 katika daftari langu la ishara za zamani za vivuko vya reli, ambazo zimenitesa tangu Desemba, zilijitokeza asubuhi ya leo, siku chache kabla ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, na neno la mwisho katika mstari wa chini ni SWISSVALE, jina la mji wa Pennsylvania. Nimefurahi na kuvunjika moyo kwa wakati mmoja, kwa sababu kwa miezi sita nilikuwa nimejiaminisha kwamba ningesoma LOS ANGELES.

Mlingoti huu umo Vernon, mji wa viwanda ulioanzishwa mwaka 1905 kusini mwa katikati ya Los Angeles, kwenye tawi la reli lililokuwa likiingia ghalani. Mtaa siutaji, kwani wezi wa vyuma na wakusanyaji wasio na adabu husoma kumbukumbu za namna hii kwa makini kuliko sisi wenyewe. Ramani za bima ya moto za Sanborn zinalionyesha tawi hilo, na orodha ya serikali ya vivuko vya reli, ile yenye tarakimu sita na herufi moja kwa kila kivuko, inasema kivuko kimefungwa. Kilichobaki ni mlingoti, ubao wa msalaba wenye maandishi ya kuonya kuhusu reli, kengele na sanduku la nyaya karibu na kitako. Taa, au chochote kile kilichokuwa kikining'inia juu, kimeng'olewa zamani.

Neno hilo "chochote kile" ndilo lililonipotosha. Sehemu ya juu ya mlingoti ina alama ya kibanio kimoja tu, tena upande mmoja, na mimi nilipoiona nikaona mara moja mkono wa wigiwagi, ishara ya kivuko inayopunga kuonya kwamba treni inakuja. Wenzangu watanielewa. Albert Hunt, mhandisi wa kampuni ya reli ya Pacific Electric, alibuni ishara hiyo ya kupunga mwaka 1909 huku huku Kusini mwa California, na Magnetic Signal Company ya Los Angeles ndiyo iliyoitengeneza: sahani yenye taa nyekundu katikati, ikivutwa huku na huku na sumaku-umeme mbili zinazopokezana. Kupata hata kisiki chake katika mji jirani na kiwanda kilikotoka kungekuwa fahari ya mradi mzima. Taa mbili za kupokezana, ambazo zilifungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913 huko Sea Bright, New Jersey, ninazo kwenye daftari langu kwa makumi. Wigiwagi ninayo moja.

Basi, tatizo. Sanduku limepakwa rangi ya alumini mara nyingi kiasi kwamba herufi zimebaki kama uvimbe mdogo chini ya ngozi. Ukigusa kwa kidole pengine ungesoma kama kipofu asomavyo, lakini sanduku limo ndani ya eneo la reli na mimi sivuki mpaka huo, hata pale reli zinapoonekana zimekufa. Kwa hiyo kila kitu hufanyika kutoka kwenye njia ya waenda kwa miguu, hatua kama 25 kutoka kwenye sanduku, na uso wenye maandishi umeelekea kaskazini kabisa.

Safari ya kwanza nilikwenda adhuhuri na lenzi ya milimita 600, nikarudi na picha safi ya rangi ya alumini. Safari ya pili nilitumia taa ya kamera, ambayo ilikuwa upuuzi, kwa kuwa mwanga unaotoka ulipo wewe hufuta kila kivuli ambacho kingeweza kukusaidia. Safari ya tatu niliweka kichujio cha ulekezi wa mwanga (polarizer), kile cha kupunguza mng'ao, baada ya kuhimizwa mno nikinunue, nikasahau jambo ambalo kila kitabu cha fizikia kinalisema: mng'ao wa chuma hauondoki kwa kichujio hicho kama unavyoondoka mng'ao wa maji au kioo. Kichujio chenyewe si kibaya, ila kwa kazi yetu ni uzito wa bure mfukoni. Safari ya nne na ya tano nilibadilisha stendi ya kamera, kana kwamba kosa lilikuwa la miguu mitatu.

Kosa lilikuwa la kalenda. Katika nusu hii ya dunia, uso ulioelekea kaskazini haupati jua la moja kwa moja hata kidogo kati ya mwisho wa Septemba na mwisho wa Machi, na safari zangu zote tano zilikuwa kati ya Desemba na Machi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nikipiga picha ya kivuli na kuilaumu lenzi. Nilipokaa chini na kukokotoa, niliona kwamba katikati ya Juni, kwenye latitudo ya nyuzi 34, jua huchomoza kwenye nyuzi kama 61 za dira, yaani kaskazini sana ya mashariki, kisha hujongea polepole kuelekea mashariki halisi na kufika huko karibu saa tatu na nusu. Katika muda wote huo mwanga unalamba uso wa sanduku kutoka ubavuni, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo unavyozidi kulala. Ghala la upande wa mashariki linaziba jua hadi yapata saa mbili. Saa mbili na robo pembe kati ya miale na uso wa chuma ni nyuzi zisizozidi tisa, na kwa pembe hiyo hata uvimbe wa nusu milimita hutupa kivuli kirefu kuliko kimo chake mara sita.

Nilipiga picha 40 kwa dakika 20, nikaziondoa rangi, nikaongeza tofauti ya weusi na weupe, na maneno UNION SWITCH & SIGNAL yakasimama wima. Kampuni hiyo ya Swissvale, Pennsylvania, iliyoanzishwa na George Westinghouse mwaka 1881, ilisambaza vifaa vyake Marekani nzima, kwa hiyo kupatikana kwa sanduku lake Vernon si ajabu hata kidogo. Nakiri kwamba sanduku haliamui kilichokuwa juu. Mafundi wa reli walihamisha vipande kutoka mlingoti hadi mlingoti bila kutufikiria sisi tutakaokuja baadaye. Hata hivyo, kibanio kimoja na sanduku la Swissvale havitoshi kuandika "wigiwagi" daftarini, na nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kukamilisha hesabu ya vivuko vyote vya tawi hilo hadi mwisho wake. Sijaufanya. Nilipokuwa nikifunga begi, jua lile lile la ubavuni lilipita kwenye ubao wa msalaba nikaona mashimo madogo ya duara yaliyopangwa kufuata umbo la kila herufi, na katika mawili kati yake kitu kikametameta. Ni vifungo vya kioo vya kurudisha mwanga, ambavyo nimepita chini yake mara sita bila kuinua macho. Vifungo hivyo, tofauti na herufi za chuma, vinataka mwanga utoke pale pale alipo mtazamaji, kwa hiyo taa ya kamera niliyoitukana hapo juu inarudi kazini. Kesho usiku nakwenda nayo, pamoja na tochi, na hesabu ya tawi itasubiri.