Kwa Treni hadi Karla, Nikimfuata Kosambi

Tulikuwa tukienda kuona pango la Kibudha la Karla, magharibi mwa India, tukapitiliza kituo. Mwenzangu wa Tanga alikuwa amelala mdomo wazi, mimi nimezama kitabuni, na nilipoinua macho ubao wa Malavli ulikuwa umeshabaki nyuma. Tukashukia Lonavala, mwisho wa treni, tukakaa kungoja ya kurudi huku tukila vada pav, ambayo kwa Mtanzania ni kachori iliyotiwa ndani ya mkate, pamoja na pilipili ya kukutoa machozi.

"Huyo mzee wako angetembea tu," akanisuta.

Angetembea kweli. Mzee mwenyewe ni mwanahistoria Damodar Dharmananda Kosambi, niliyeanza kumsoma mwaka wangu wa pili wa chuo hapa Pune. Alizaliwa Goa mwaka 1907. Baba yake alikuwa ameacha nyumbani akaenda hadi Sri Lanka kusaka elimu ya Kibudha, na alipopata kazi Harvard akamchukua kijana wake. Damodar akahitimu huko mwaka 1929. Ila kazi iliyompa mshahara ilikuwa hisabati, si historia. Alifundisha Banaras, Aligarh, kisha chuo cha Fergusson hapa Pune, na kuanzia 1945 akawa kwenye taasisi ya utafiti ya Tata, Bombay, ambayo sasa ni Mumbai. Nyumba ikabaki Pune. Ndiyo maana akawa mtu wa Deccan Queen, treni iliyoanza mwaka 1930 kati ya miji hiyo miwili, na reli yake ndiyo hii tuliyokuwa tumekaa tukiitazama.

Kilichonivuta kwake ni sarafu. Kuna sarafu za fedha za kale sana za India, zimegongwa alama za jua, za wanyama na kadhalika, lakini hazina jina la mfalme wala mwaka. Kosambi akachukua mizani. Sarafu inayopita mikononi mwa watu hulika kidogo kidogo, kwa hiyo ukizipima moja moja, maelfu kwa maelfu, upungufu wa uzito unakuonyesha zipi zilizunguka muda mrefu zaidi. Sonara yeyote wa Kariakoo angemwelewa upesi kuliko maprofesa. Na si kwamba vitabu vilimshinda: Kisanskriti alikijua vizuri, hata akahariri mashairi ya Bhartrihari. Hakutaka tu kuamini kwamba Wahindi wa kale waliishi ndani ya maandiko peke yake.

Malavli tulishuka saa nne kasoro. Nyuma yetu ngome ya Lohagad juu ya mlima, mbele barabara kuu ya Mumbai, kisha kijiji, kisha ngazi. Mwenzangu alizihesabu hadi 200 akachoka. Pande zote mbili vibanda: nazi, mashada ya maua, peremende nyeupe za sadaka. Muuzaji mmoja akawa anamwita, "Dada! Dada!" Mwenzangu akanuna, mwanamume mzima mwenye ndevu. Ikabidi nimweleze kuwa kwa Kimarathi dada ni kaka mkubwa, na kaka ni baba mdogo. Hakucheka.

Juu kabisa, mlangoni pa pango, kuna hekalu la mungu wa kike Ekvira, na foleni ndefu ya Wakoli, wavuvi wa Mumbai, waliokuja na familia zao. Mmoja amembeba kuku kwapani. Hatua chache ndani ya pango, ukumbi waliouchonga watawa wa Kibudha. Wageni wengi hulipita hekalu haraka ili wakaone pango. Kosambi alisimama hapo hapo na kuuliza: kwa nini hivi viwili vinakaa pamoja? Akazunguka vilima kwa miguu, akahoji wachungaji, akaokota vijiwe vya makali vya watu wa kale, na akaona kuwa mahali pa miungu wa kike pengi pako kwenye njia panda za wafugaji wa zamani. Wafanyabiashara wakafuata njia zile zile, na watawa wakaweka makao pale walipopita wafanyabiashara. Alikuwa Mmarksi, mfuasi wa Karl Marx, na mara nyingine naona anaharakisha kuona uchumi nyuma ya kila jiwe. Lakini kwa Karla mimi amenishika.

Ndani mna ubaridi. Nguzo 15 kila upande, juu yake tembo na wapanda tembo, na darini mbavu za msaji, mbao zile zile zilizojenga majahazi yetu, ziko pale karibu miaka 1,900. Nilitafuta maandishi ya Kibrahmi, hati ya kale ya India, kwenye nguzo hadi nikayagusa kwa macho. Nguzo kadhaa zilitolewa na "yavana", watu wa magharibi, kutoka mji wa Dhenukakata. Mji huo uko wapi wanazuoni hawajakubaliana. Kosambi aliuandikia makala nzima. Nikakumbuka kwamba kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza kinataja bandari ya Kalyan, chini ya milima hii, na pia Rapta, pwani ya kwetu. Nikamwambia mwenzangu. Akasema ana njaa.

Saa moja na nusu usiku tulikuwa tena Malavli. Deccan Queen ikatokea Lonavala, taa madirishani, watu wamesinzia, ikapita bila hata kupunguza mwendo. Yetu ilichelewa, na tulisimama hadi Shivajinagar, Pune.