Baba Alipouliza Kuhusu Maksai

Majibu ya kinyama walichomkata baba kwenye tezi dume yalitoka mwaka 2019, watu wakivuna uwele. Tuliingia kwa daktari watatu: baba, mama na mimi, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Saratani ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Yale maumivu ya mgongo aliyokuwa akiyasingizia jembe, kumbe ndiyo hayo.

Daktari alieleza bila haraka. Homoni ya kiume, inayotengenezwa zaidi kwenye korodani, ndiyo inayoilisha saratani hii. Ikizuiwa, ugonjwa hunywea kwa muda, ingawa hauponi. Kuna sindano za kurudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu, au upasuaji wa kuondoa korodani, mara moja basi. Sindano tusingezimudu.

Baba ni mfugaji wa Bahi. Madume aliyoyahasi ili yavute plau hayahesabiki. Akauliza, "Kwa hiyo daktari, nakuwa maksai?"

Daktari hakucheka. "Sikufichi, mzee. Hamu itapungua sana, na nguvu za kiume huenda zikaisha. Matiti yanaweza kuvimba. Joto litakupanda ghafla usiku."

Baba akanigeukia. Kwetu mtoto hasikilizi habari za chumbani kwa baba yake. Nikainuka nikatoka kabla hajasema neno. Mpaka leo naona mgonjwa aulizwe mapema, faragha, nani abaki na nani asubiri nje.

Nilipokaa kwenye benchi nikagundua kwamba kifo baba hakukitaja hata mara moja. Wapo wanaouita huo ujinga wa wazee. Mimi sikubali. Mtu kapelekwa jandoni, kafundishwa kuwa uanaume wake uko pale, kaishi hivyo hadi uzeeni. Siku akiambiwa pakatwe, lazima aulize atabaki kuwa nani.

Mama alitoka akiwa amejifuta machozi. "Nimemwambia joto hilo sisi tunalijua tangu tulipokoma kuzaa. Amekubali. Lakini ndugu zake wasijue."

Kwa ndugu tukasema amepasuliwa ngiri. Baba mkubwa alikuja kutoka Manyoni kumjulia hali, akavuta kiti, akaanza kumsimulia ngiri yake mwenyewe tangu siku ilipomshika, na kila alipotua baba akaitikia, "Naam, kaka."