Kidole gumba nisichokuwa nacho

Juzi saa tisa usiku kidole gumba cha mguu wa kushoto kiliniamsha. Kilikuwa kimejikunja kama nimevaa kiatu cha kuazima, kidogo namba mbili, na kinachoma. Nikapeleka mkono kukinyoosha, nikashika shuka. Mguu huo ulikatwa chini ya goti mwaka juzi, baada ya lori kunibana na pikipiki upande wa Kiboriloni.

Miezi ya kwanza sikumwambia mtu. Utaanzaje? "Mke wangu, kisigino kinawasha," na yeye ndiye anayekunja suruali na kuibana pini? Mwisho akanikuta nakuna godoro. Habari zikapanda hadi Kibosho, baba mkubwa akashuka na jibu: mguu umezikwa umepinda, ufukuliwe, unyooshwe. Sikumcheka. Yeye angalau aliamini kwamba naumwa. Kule nilikokatwa niliambiwa "utazoea", nikapewa panado.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo. Alichora nyuma ya kadi yangu ya kliniki: ubongo una ramani ya mwili, na kisu kikikata mguu, ramani haifutiki. Neva zilizokatwa nazo huweza kuota vinundu kwenye kigutu, vikaendelea kupeleka taarifa za uongo. Kwa hiyo maumivu ni ya kweli, mguu tu ndio haupo. Wala mimi si wa kwanza. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyetibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kule kwao, aliyapa mambo haya jina la mguu mzuka mwaka 1871.

Akaniagiza kioo. Nilinunua Mbuyuni, kile kirefu cha ukutani. Unakaa, unakisimamisha katikati ya miguu, uso wake ukielekea mguu mzima, kigutu kinabaki nyuma. Ukichungulia unaona miguu miwili. Nikakunjua vidole vya kulia polepole, na kile gumba cha kushoto kikalegea. Binti yangu alikuwa mlangoni. "Baba, mguu umerudi?" Nikamwambia unapita tu. Si kila mtu kioo kinamsaidia, na siku nyingine hata mimi kinanigomea.

Daktari aliongeza amitriptilini ya usiku. Muuza duka la dawa alinitazama mara mbili, maana ni dawa ya sonona pia, lakini hutuliza maumivu ya neva. Mdomo unakauka, asubuhi unaamka mzito. Kukanda kigutu kunasaidia. Baridi ya Julai kwangu ni adui. Ila kigutu kikivimba, kikiwa cha moto au kikitoa usaha, hayo ni mengine, usikae nyumbani na kioo.

Kilichopunguza zaidi, kwangu, ni mguu wa bandia. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Siku ya kupimwa nilikaa benchi moja na mzee aliyekatwa kwa sababu ya kisukari. Nilimwamkia, tukanyamaza. Alisubiri mke wake aende kununua maji, ndipo akainama.

"Kijana, samahani. Wako huwa unawasha?"

"Kisigino, mzee."

Akasogeza magongo yake, nikae karibu.