Gari Lililogoma Kuwaka Mikindani, na Jinsi Nilivyoufuatilia Mlio Wake

Asubuhi moja ya Novemba, nilipozungusha ufunguo ili nimpeleke mama kliniki katika Hospitali ya Ligula, gari lilikataa kuwaka. Badala ya mngurumo niliouzoea, chini ya boneti ulisikika mlio wa tik-tik-tik-tik wa harakaharaka, kama cherehani inayokimbia bila kitambaa. Mama, ambaye alikuwa ameshakaa kiti cha mbele na kadi yake mkononi, alivumilia kidogo kisha akasema, "Mwanangu, ita bajaji. Gari utalishughulikia tukirudi." Tukaenda kwa bajaji.

Tuliporudi nilimwita fundi wa jirani. Alisikiliza mara moja tu, akaniambia, "Kaka, betri imekufa hiyo, tafuta nyingine." Sikumdharau, kwa sababu mlio wa namna ile mara nyingi hutokana na betri iliyoishiwa nguvu. Lakini betri yangu ilikuwa na miezi minane tu, na mpya ingenigharimu shilingi 180,000, fedha ambazo sikuwa tayari kuzitoa kwa kukisia.

Ni vizuri kueleza mlio ule unatoka wapi. Unapozungusha ufunguo, umeme mdogo huifanya solenoidi (swichi ya sumaku) ya stata, ile mota inayoiwasha injini, kuwa sumaku, nayo husukuma bendeksi, yaani gia ndogo ya stata, ikakamate meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na papo hapo hufunga njia ya umeme mkubwa unaozungusha mota. Umeme huo mkubwa usipopata njia ya kutosha, nguvu hushuka ghafla, sumaku huachia, nguvu hurudi, sumaku huvuta tena, na kuvuta na kuachia huko ndiko kunakoleta tik-tik. Ungekuwa mlio mmoja mzito wa "ta!" kisha kimya, ningeishuku stata yenyewe, na kama mota ingezunguka kwa kuvuma bila injini kugeuka, au kukawa na mkwaruzo wa chuma kwa chuma, ningeanza na bendeksi na meno ya flaiwili. Mlio wangu ulisema jambo moja tu, kwamba umeme haufiki wa kutosha. Ulipokwamia haukusema.

Nilianza na taa. Nilivuta breki ya mkono, nikaweka gia huru, nikawasha taa kubwa zimulike ukuta wa nyumba, kisha nikamwomba mdogo wangu apige stata. Taa hazikufifia hata kidogo, na hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba betri inasingiziwa, maana betri iliyochoka isingeweza kulisha taa zile na huku stata inaidai.

Nikachukua mita ya kupimia umeme. Gari likiwa limetulia, betri ilionyesha volti 12.6, kiwango cha betri iliyojaa. Ingekuwa imebaki nusu ningeona karibu 12.2. Mdogo wangu alipopiga stata ilishuka hadi 12.3 tu, ilhali stata inayozungusha injini ipasavyo huishusha betri hadi volti 10 au 11. Maana yake ni kwamba betri ilikuwa na nguvu zake, ila hapakuwa na njia ya kuzitoa. Nilipima upande wa chanya, kutoka kwenye betri hadi kwenye nati ya stata, nikakuta upotevu mdogo wa volti 0.3. Kisha nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye chuma cha injini. Stata ilipopigwa, namba zilirukaruka hadi volti 7, mahali ambapo hazikupaswa kuzidi nusu volti. Hata waya wa chuma unaotoka kwenye pedali ya mafuta niliukuta una joto: umeme uliokosa njia yake ulikuwa ukijipenyeza humo ili ufike kwenye injini.

Kabla ya kufungua chochote nilitaka uhakika. Nilichukua waya mmoja wa kubustia, nikauunganisha kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye boliti ya injini, nikamwambia mdogo wangu azungushe ufunguo. Injini iliwaka papo hapo, na furaha niliyoipata sitaisahau.

Kutoka kwenye kichwa cha hasi hushuka nyaya mbili za ethi, yaani za kurudishia umeme kwenye betri, mmoja mfupi unaokwenda kwenye bodi na mwingine mnene unaokwenda kwenye giaboksi. Ule wa bodi ulikuwa mzima, ndiyo maana taa hazikuyumba. Huu wa pili, nilipouchomoa, ulikuwa na unga wa kijani chini ya kikofia chake, na nilipochana gamba lake jeusi kiasi cha vidole vitatu, nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimegeuka kijani kibichi na kukatika mkononi kama nyasi kavu. Gari hili limelala miaka mitano hatua chache kutoka ufukweni, na chumvi ya hewa ya bahari hushika unyevu na kuila shaba polepole, huku gamba la nje likionekana zima.

Fundi umeme wa Mtwara mjini alinitengenezea waya mpya mnene kwa shilingi 12,000. Nilisugua chuma kwa msasa hadi kikang'aa, nikakaza boliti, nikapaka grisi juu, na kichwa cha hasi nikakirudisha mwisho. Kipimo kilekile sasa kilitoa volti 0.1, na injini ikiwaka betri ilipokea volti 14.1, kwa hiyo alteneta, inayochaji betri, nayo ilikuwa salama. Fundi wa jirani alipouona waya uliooza aliugeuzageuza kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimwazime mita.

Waya wa chanya nao nimeukuta umeanza ukijani kidogo karibu na stata. Nitaubadilisha kabla ya mvua kukolea.