Noa si Nuhu

Mdogo wangu anatarajia mtoto wa kike na jina amekwisha kulichagua: Noa. Shangazi kaguna. "Huyo si yule mzee wa safina?" Binamu naye akauliza mtoto atakuwa anabeba abiria wangapi, maana huku kwetu Noah ni gari kabla ya kuwa mtu.

Kwa Kiebrania hayo ni majina mawili. La mwenye safina linaishia kwa ile ha nzito ya kooni, ambayo Waarabu nao wanayo, ndiyo maana sisi tukapata Nuhu. La kike lina ain, herufi nyingine ya kooni. Waingereza hawana ain wala ha hiyo, basi katika Biblia yao ya zamani wote wawili wakawa Noah. Biblia yetu ya Union Version ikawaacha kila mtu na lake.

Na maana zinapishana. Nuhu anatoka kwenye mzizi wa kupumzika, Noa kwenye mzizi wa kutikisika, kusogea, kutotulia. Mzizi huo wa pili ndio uliomo katika laana ya Kaini, kwamba atatangatanga duniani. Ndio uliomo pia katika habari za Hana kule Shilo, akiomba midomo ikicheza bila sauti mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Mdogo wangu nimempa habari za Hana. Za Kaini nimezinyamazia.

Ila kinachonivuta zaidi ni mwenye jina. Yuko katika Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 27: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti watano wa Selofehadi wa kabila la Manase. Baba alifia jangwani bila mtoto wa kiume, na nchi ilikuwa karibu kugawanywa. Wakaenda kusimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa sababu hakuzaa mwana. Musa hakuwa na jibu mfukoni. Akalipeleka kwa Mungu, na jibu likaja kwamba mabinti wamenena haki. Talmud, kitabu cha Wayahudi cha mafundisho ya sheria, inawasifu kuwa wenye hekima na wajuzi wa sheria. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale huko Samaria walifukua vigae vya karne ya 8 kabla ya Kristo, vyenye kumbukumbu za mvinyo na mafuta na sehemu yalikotoka. Miongoni mwa sehemu hizo zimo Noa na Hogla. Waliodai shamba wakawa majina ya mashamba!

Israel ya leo imejaa akina Noa. Kwa miaka mingi ya karne hii limekuwa miongoni mwa majina ya kike yanayopendwa zaidi huko. Noa Kirel, mwimbaji aliyeshika nafasi ya tatu katika mashindano ya nyimbo ya Eurovision ya 2023 kule Liverpool, ni mmoja tu.

Sura ya 36 ya Hesabu ndiyo inayonikera. Wazee wa ukoo wanarudi kulalamika: mabinti hawa wakiolewa nje, ardhi itatoka kabilani. Wakaamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, wakaolewa na binamu zao. Hoja hiyo hiyo ya ardhi kutoka ukooni ndiyo iliyofika Mahakama Kuu Mwanza katika kesi ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo, ndugu mmoja wa ukoo akaenda kumshtaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ilhali mwanamume anaruhusiwa haipatani na Katiba, na mauzo yakabaki halali. Shangazi kesi hiyo anaijua. Hili la binti za Selofehadi ndilo lililokuwa jipya kwake, akaomba nimsomee tena ile sura ya 27.