Nilivyowasha nodi ya Bitcoin nyumbani kwa laptopu ya zamani

Kabla hujaniuliza, hapana, nodi (kompyuta inayoendesha programu ya Bitcoin na kuongea na nyingine kama yake) haikulipi hata senti. Kila nikimwambia mtu nina nodi ya Bitcoin nyumbani swali la kwanza ni "kwa mwezi unaingiza shingapi", nikijibu sifuri ananiangalia mara mbili mbili. Wanaochimba (wanaotengeneza bloku mpya na kulipwa) ni watu wengine na mashine zao na bili zao za umeme, nodi kazi yake ni kukagua kila bloku (fungu la miamala) na kila muamala tangu ile bloku ya kwanza ya Januari 2009, ili usisubiri kuambiwa na mtu kwamba hela hii ni halali au kanyaboya. Nilitaka waleti yangu iulize mashine yangu mwenyewe, basi.

Video nyingi zinakwambia nunua Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bodi moja). Sikununua, maana hapa Dar umeme unakatika ukijisikia na Pi haina betri, nikachukua laptopu ya zamani yenye ramu 8GB ambayo betri yake bado inasukuma kama lisaa, nikang'oa hadidiski nikaweka SSD ya TB 1. Kwenye SSD usibane hela wadau. Mnyororo mzima (bloku zote toka ya kwanza) umeshapita GB 600, na shida sio kuziandika hizo GB, shida ni kwamba kwa kila muamala programu inaenda kutafuta kama ile hela ipo na haijatumika, yaani inasoma vipande vidogo vidogo huku na kule, hadidiski ya kuzunguka hapo inachoka kabisa.

Nikaweka Debian (mfumo wa Linux), nikashusha Bitcoin Core (programu yenyewe ya nodi) na kuhakiki sahihi ya faili kujua halijachezewa (usiruke hii hatua, unacheza na hela), halafu kwenye /etc/systemd/logind.conf nikaandika HandleLidSwitch=ignore ili laptopu isilale nikifunga kifuniko.

Sasa utamu uko kwenye faili la mipangilio la bitcoin.conf. Kwenye toleo nililoweka, ukiiacha ilivyo dbcache inakuwa 450, yaani inatumia MB 450 tu za ramu kuhifadhi orodha ya hela ambazo hazijatumika, ikijaa inamwaga kwenye diski, inaanza upya. Mimi nikaweka dbcache=4000 na spidi ikabadilika waziwazi. Ila kuna mtego, kilichoko kwenye ramu bado hakijaandikwa diskini, kwa hiyo mashine ikizima ghafla inarudia kazi kuanzia pale ilipomwaga mara ya mwisho, na ukiweka kubwa inamwaga kwa nadra. Ndio maana naisifia betri ya laptopu, umeme ukikata napata muda wa kuandika bitcoin-cli stop na kuisubiri izime yenyewe. Ilipomaliza kushusha nikairudisha 450, haina haja tena.

Kuna watu wanasema weka prune=550 utaokoa bando. Sio kweli! Prune inaokoa diski tu, inafuta bloku za zamani ikishazikagua, lakini kuzishusha lazima izishushe zote. Kama unatumia bando la kupima tafuta faiba ya mtu, shusha huko, kisha uhamie na laptopu yako nyumbani, kuanzia hapo matumizi ni madogo.

Kilichonisumbua zaidi ni nodi za wenzangu kuingia kwangu. Nodi yangu inaenda kwa wengine vizuri, ila ukiangalia bitcoin-cli getnetworkinfo idadi ya nodi zilizounganishwa inagoma kwenye 10, na connections_in (zinazoingia) ni 0. Hizo 10 ni zile inazozitafuta yenyewe, hakuna anayekuja. Nikafungua poti 8333 kwenye ruta, wapi. Kucheki IP ya WAN (ile ruta iliyopewa na kampuni ya mtandao) inaanza na 100.70 na kitu, na kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni IP ambazo kampuni ya mtandao inawagawia wateja wengi nyuma ya IP moja ya nje, kwa hiyo poti ufungue mpaka kesho haifiki kwako.

Dawa yake ni Tor (mtandao unaoficha IP kwa kupitisha data kwenye mashine kadhaa), kwa sababu huduma ya onion (anwani ya ndani ya Tor) inatoka ndani kwenda nje na haihitaji poti yoyote kwenye ruta. Nikaweka Tor, kwenye torrc (faili la mipangilio ya Tor) nikaandika ControlPort 9051, CookieAuthentication 1 na CookieAuthFileGroupReadable 1, nikamwingiza yuza wa bitcoin kwenye grupu la debian-tor maana bila hivyo hawezi kuisoma kuki (faili la siri la kuingilia Tor), halafu kwenye bitcoin.conf proxy=127.0.0.1:9050 na listen=1. Hiyo listen iandike kwa mkono, ukiweka proxy programu inazima kusikiliza yenyewe na haikwambii kwa kelele. Nikarestati vyote viwili, anwani ya .onion ikatokea kwenye localaddresses ya getnetworkinfo, na baada ya muda connections_in ikaanza kupanda.

Wakishaanza kuja wageni watakuomba bloku za zamani na watakula aplodi, weka maxuploadtarget=1000 ambayo ni kama GB 1 kwa saa 24. Mwenye faiba anlimitedi anaweza kuiacha.